Gari Lililomtorosha Mke Wangu Bila Kusogea

Mudathiri Kondo,
Mkausha samaki,
Kiswere.

Kwa Bwana Hussen Ahmadi,
Mwenye kampuni ya kukodisha magari ya kulala watalii,
Dar es Salaam.

Bwana Hussen mheshimiwa,

YAH: KUSHIKILIWA KWA MKE WANGU NA GARI LAKO

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wa nyumbani kwako. Sisi hapa Kiswere wote tu wazima, isipokuwa mimi. Sikujui wala hunijui, lakini kwa hali ilivyo mke wangu sasa anaishi kwako, kwa hiyo si vizuri tuendelee kuwa watu baki.

Gari ninalolisema ni lile jeupe, refu, lenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani, ambalo umemkabidhi Abilahi aliendeshe. Abilahi ni mtoto wa dada yake Kazija, mke wangu. Masika haya alikuwa analipeleka Lindi mjini kuchukua wageni wako. Akaona haifai kupita bila kumjulia hali mama yake mdogo, akaiacha barabara kuu, akashuka huku kwetu pwani. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia, nami nitayatia namba ili usipotee njiani.

1. Gari lako halina adabu. Abilahi alisimama mbele ya uwanja wangu, akashusha kioo, akasema, "Shikamoo, baba mdogo," huku injini inanguruma. Nikanyamaza. Mimi siamkiwi na mtu aliyekalia injini inayowaka kama mpita njia anayeuliza mji. Akasema, "Baba mdogo, nisamehe, kuna taa imewaka humu, naogopa kuzima." Nikamuuliza, "Hiyo taa ni mkubwa wako?" Kijana ana malezi. Alizima, akashuka, akanipa mkono, akaniamkia upya, nami nikamwitikia marahaba kwa moyo mkunjufu. Gari halijawaka tena mpaka leo. Sasa niambie, Bwana Hussen, ni watu gani hao wanaounda chombo cha kumwadhibu kijana kwa kosa la kumwamkia mkubwa wake?

2. Gari lako lina kiburi. Mwanzo nilidhani limeishiwa mafuta. Abilahi akanionyesha kwamba dizeli ipo tele. Kilichokwisha ni kitu kingine, kinaitwa adibluu, chenye tangi lake peke yake na kifuniko cha buluu kando ya kile cha dizeli. Adibluu haisukumi gari. Haiingii hata kwenye injini. Inanyunyiziwa kwenye bomba la moshi ili moshi utoke msafi, na ikiisha ukazima, basi, gari linagoma kuwaka kwa kuuonea aibu moshi wake lenyewe.

Bwana Hussen, mimi nakausha samaki. Moshi ndio uliowasomesha wanangu. Kazija aliponikubali nilikuwa nanukia moshi, na hakuwahi kusema neno. Leo linakuja bati lenye magurudumu, linasimama mita chache kutoka kwenye tanuri langu, na kutangaza mbele za watu kwamba afadhali life kuliko kutoa moshi mchafu. Wateja wangu wanalitazama, kisha wananitazama mimi.

3. Gari lako limenivurugia jina. Abilahi alipanda bodaboda akazunguka vituo vya mafuta, akaenda Masoko, akaenda Lindi. Kila mahali walimtolea oili, maji ya betri, hata sabuni ya kuoshea gari. Adibluu wakamwambia aulize Dar. Malori mengi yanayopita kwetu ni ya zamani, hayana habari na mambo hayo.

Wakati yeye akihangaika huko, alikuja Benjamin, mkulima wa Milola anayenunua samaki wangu. Akanielewesha kwamba dawa hiyo ni urea iliyochanganywa na maji, basi. "Si ndiyo hiyo hiyo ninayokuzia mahindi?" akasema. Mpita njia mmoja akasikia urea, akasema urea si imo kwenye mkojo? Kufika alasiri Kiswere nzima inajua kwamba gari lililo uwanjani kwa Mudathiri linakunywa mkojo, na uwanja wangu umepakana na msikiti. Ikabidi niende kwa Mwalimu Majid wa hapo msikitini kuuliza kama ni halali kitu hicho kukaa pale. Mwalimu alifikiri sana, akanitazama, akasema, "Mudathiri, gari hilo linaswali?" Nikasema haliswali. Akasema, "Basi liache."

Nilipoona dini haina neno, nilikwenda mwenyewe Milola kuchukua mbolea. Abilahi aliponipigia simu nikamweleza mpango wangu, akapiga kelele mpaka nikaitoa simu sikioni. "Baba mdogo, usithubutu! Ile inataka maji yaliyosafishwa maalumu, na urea yake si ya shambani. Ukitia hiyo, mtambo mzima unaziba, na gari tutalizika hapo hapo!" Nikaona huyu ni dereva tu, ya mbolea atayajulia wapi. Nikakoroga kwenye ndoo kwa maji ya mvua, nikakoroga vizuri, nikafungua kile kifuniko cha buluu. Ndoo ikiwa tayari mikononi, dirisha la gari likafunguka juu ya kichwa changu, na Kazija akatoa uso.

"Mudathiri, unaimwagia nini nyumba yangu?"

Ndoo iliniponyoka. Majani ya pale ilipomwagikia yamestawi kuliko shamba lolote la Benjamin, lakini mimi tangu siku ile nimenyong'onyea. Nyumba yangu, alisema. Na hilo ndilo lalamiko lenyewe. Hayo ya nyuma yalikuwa ya kukuandaa.

4. Gari lako limemtorosha mke wangu bila kusogea hata hatua moja.

Aliingia kufagia tu, maana Abilahi aliacha makombo. Mvua ikanyesha, akasema anangoja ikatike. Mvua ikakatika, akasema anangoja nguo zikauke. Nguo zikakaukia humo humo ndani, kwenye kamba yenu. Nilipomfuata kumuuliza, alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mto, amenyoosha miguu, birika limechemka kwenye jiko la gesi, na hakuna moshi hata wa kusingizia.

Nikamwambia, "Kazija, rudi nyumbani."

"Nyumbani wapi?" akaniuliza. Hakuuliza kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Kule ninakopika huku nimeinamia sufuria ili maji ya paa yaniangukie mimi, yasiangukie mchuzi? Masika yaliyopita ulisema utaliezeka jiko. Masika haya ukasema huna nafasi. Nafasi ya kwenda Milola kulitafutia gari la watu mbolea umeipata wapi?"

Bwana Hussen, nilirudi kugeuza samaki wangu.

Sasa majirani wanakuja kumtembelea. Nasma na Mwanaidi wanashinda humo, wanajifunza kufungua na kufunga ile meza inayokunjwa ukutani, na kila ikifunguka wanapiga vigelegele. Mimi nikitaka kumwona mke wangu napiga hodi kwenye mlango wa gari mbele ya wanunuzi wa samaki. Naitikiwa, "Karibu, vua viatu." Siku ya kwanza nilikataa kuvua, nikala ugali wangu nimekaa kwenye ngazi kama kibarua. Siku iliyofuata nilijipikia mwenyewe nyumbani. Nilitafuta chumvi jiko zima nisiione. Kumuuliza nikaona haya, nikala chukuchuku, huku namsikia akicheka kule garini. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo akiwa jikoni kwangu.

5. Tutazame sasa hoja yenyewe, maana mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Gari lisilotembea si gari. Chenye kitanda, jiko na choo, kikakaa mahali pamoja, ni nyumba. Nyumba ina mwenyewe, na mwenye nyumba hii ni wewe. Mke wangu anaishi katika nyumba ya mwanamume mwingine, anapikia gesi yake, anachota maji kwenye tangi lake, na mwanamume huyo hajaja hata kujitambulisha kwa mume. Mimi sikushuku kwa lolote. Lakini mtu akikaa akapima kwa haki, ataona kwamba kati yetu wawili mimi ndiye ninayepiga hodi. Na Abilahi alipokupigia simu kukueleza, nasikia ulimjibu, "Dawa inakuja na basi, mwambie mzee avumilie." Bwana Hussen, hayo ni maneno ya kumwambia mtu aliyeharibikiwa gari. Mimi gari sina. Nimeharibikiwa nyumba.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba kwa unyenyekevu. Leta hiyo adibluu haraka, iliyo safi, na tangi lijazwe mpaka juu, ili gari likiwaka lisipate kisingizio cha kusimama kabla ya Lindi. Uwaandikie hao waliolitengeneza kwamba pwani ya kusini tunataka gari linalogoma kwa sababu za maana, kama vile kukosa dizeli. Na siku ya kuliondoa, uje wewe mwenyewe umwombe Kazija ashuke. Mimi nimejaribu. Wewe ni mwenye nyumba, huenda akakusikia. Ikishindikana yote hayo, sitaona vibaya ukimpangisha rasmi, mradi nami nitambuliwe kwa maandishi kuwa ni mume wa mpangaji.

Nakuomba radhi kwa lolote lililokaa vibaya katika barua hii. Nisalimie mkeo, watoto na jamaa zako wote wa Dar, na mafundi wako pia, hata wale waliosahau kulijaza tangi kabla ya safari. Abilahi yuko Lindi anafuatilia basi, anakuamkia. Benjamin anakusalimu na anasema akiba ya mbolea bado ipo. Mwalimu Majid anakuombea dua.

Ni mimi, mwenye kungoja kwa subira iliyobaki,

Mudathiri Kondo

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, basi limeshusha adibluu, madumu mawili mazito. Abilahi hajarudi, na kwa kweli sijampigia simu. Nilipita nayo nyuma ya nyumba, Kazija akaniona kupitia dirisha la gari. Akauliza, "Umebeba nini?" Nikasema, "Maji ya betri." Akaisogeza ndoo yake ya nguo ili madumu yapate nafasi chini ya kitanda. Alikuwa amepika pweza wa nazi. Nilivua viatu.

Mvua imeanza tena. Nilikwenda kwa fundi wa paa kama mke wangu alivyotaka, akasema hawezi kupanda juu mpaka masika yaishe, na mimi sikumharakisha. Kwa hiyo, Bwana Hussen, naomba uyafute malalamiko yote yaliyotangulia, usije, wala usitume mtu. Wageni wako watafutie gari jingine, ila lisipitie Kiswere. Abilahi akikupigia kuuliza dawa, mwambie avumilie.

Kitanda chenu ni chembamba kwa watu wawili. Hilo si lalamiko.