Ombi la Kufungwa kwa Ukurasa wa Mfamasia Maribeth

Kwa Mwenyekiti wa Bodi,
Hospitali ya Kalyna Creek,
Manitoba.

Ndugu Clifford Thorlakson,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limetulia baada ya baridi ile. Mimi si mzima, nimekasirika. Na kwa kuwa bodi yako inakutana Jumanne kuamua kama mfamasia wetu Maribeth Penner aendelee na ukurasa wake wa mtandaoni, nimeona nikuletee hasira zangu mapema, tena kwa maandishi, ziingie kwenye kumbukumbu.

Unajua anachofanya. Kila jioni, akishafunga dirisha la dawa, anachukua utafiti mpya, anaueleza kwa maneno ambayo hata fundi bomba anayaelewa, kisha anauweka kwenye simu za watu bure. Wauguzi wa Yukon kule kaskazini wanausoma. Madaktari wa Nova Scotia, upande wa pili wa nchi, wanabishana chini yake. Naomba kwa heshima zote ukurasa huo ufungwe, kwa sababu zifuatazo.

1. Umeharibu umri wa elimu. Zamani utafiti ulipotufikia ulikuwa umekomaa. Jarida lilikuja kwa posta, likakaa mezani kwangu, likafuatana nami kwenye kibanda cha kuvulia samaki kule kwenye barafu, na lilipowafikia madaktari wenzangu lilikuwa na heshima yake na harufu kidogo ya samaki. Kama ndani yake mlikuwa na kosa, aliyelifanya aghalabu alikuwa keshastaafu, na hakuna aliyeaibika. Sasa watu wanapewa utafiti mbichi kabla sijaamua kama naupenda.

2. Umeua kikao chetu cha kusoma majarida. Wewe mwenyewe umewahi kuhudhuria: Jumatano ya kwanza ya mwezi, chumba cha chini cha hospitali, mimi mbele, sandwichi za mayai za mke wangu Slavka katikati. Mwezi uliopita nilisimama kuwasomea makala yangu ya maumivu ya mgongo, ile inayosema mgonjwa alale tu kitandani. Sijafika hata ukurasa wa pili, Maribeth akainua mkono.

"Samahani, Daktari Orest. Hiyo tulishaijadili mtandaoni. Mwandishi mwenyewe alikuja akasema ameshabadili msimamo."

Nikauliza alikuja wapi.

"Kwenye maoni, Daktari. Alikuwa jikoni kwake anamenya viazi."

Hebu fikiria, Clifford. Mwanasayansi mzima anakutwa na kosa jikoni kwake, bila miadi, na anakubali. Watu waliondoka kabla ya chai. Nusu ya sandwichi zilibaki kwenye sinia, na Slavka hakunisemesha njia nzima ya kurudi nyumbani.

3. Unawaondoa wagonjwa vitandani. Mkulima Dwayne Kozak nilimwagiza alale kitandani kwake kwa ajili ya mgongo, msimu wa kupanda ukiwa umepamba moto. Akasoma kwa Maribeth kwamba mgongo wa namna yake hupona vizuri zaidi mtu akiendelea kutembea. Nilimkuta duka la ushirika na mfuko wa mbegu begani. Nikamkumbusha kwamba nilimwambia alale.

"Kitanda nimemwachia paka, Daktari," akasema. "Yeye ndiye mwenye nafasi."

Duka zima lilicheka. Sasa mtu akipona kinyume cha maagizo yangu, niandike nini kwenye faili lake?

4. Anasema hajui. Hili linaniuma kuliko yote hayo. Maandishi yake yamejaa "huenda" na "kwa kiasi" na "ushahidi bado ni mdogo". Juzi mtu kamuuliza swali, naye akajibu mbele ya mkoa mzima: "Sijui, ngoja nikaangalie." Kesho yake akarudi na jibu, kana kwamba hiyo ni sifa. Mimi nimefanya kazi hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na hakuna mgonjwa aliyewahi kulisikia neno hilo kinywani mwangu. Nikiwa sijui, naagiza kipimo cha damu.

5. Mtandao haufai kwa ukweli, nami nimelithibitisha hilo. Kwa kuwa nyinyi wa bodi mnapenda ushahidi, nimefanya utafiti wangu. Nilifungua ukurasa kwa jina la Daktari wa Nyanda, nikaweka picha ya mzee mwenye ndevu niliyoikata kwenye kalenda ya kanisa, nikaandika kwamba glasi ya maji ya bitiruti zilizochachushwa, kama walivyofanya bibi zetu, inamaliza presha, na vidonge mtu anaweza kuvitupa. Niliitunga nikisubiri chai ichemke. Sikuweka "huenda" hata moja.

Kufikia kesho yake ilikuwa imesambaa mpaka Texas. Kuna mtu kule anayauza maji hayo kwa chupa. Na Maribeth amepoteza mapumziko yake yote akimjibu mtu mmoja mmoja kwa upole: bitiruti huenda zikashusha presha kidogo, lakini hazichukui nafasi ya dawa, usiache vidonge kabla ya kuongea na daktari wako. Wengine wanamtukana. Mama mmoja wa mji wa Brandon alimwandikia, "Asante dada, nilishavitupa, kesho nakuja kuchukua vingine." Kwa hiyo matokeo ya utafiti wangu ni haya: mtandao umejaa uongo, basi anayesema kweli aondolewe.

Ukishaufunga ukurasa huo, majarida yarudi mezani kwangu, nami naahidi kuyasoma barafu ikishakaza.

Nisalimie mkeo Ingrid na vijana wote wa timu yako ya ule mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu. Slavka naye anakusalimu. Siku hizi ana furaha, anapika borshi, ile supu ya bitiruti, kila siku, na asubuhi anakunywa glasi ya kitu chekundu na kuimba. Nadhani yale ya sandwichi ameshanisamehe.

Ni mimi, mwenye hasira zilizopangwa kwa namba,

Dkt. Orest Hryciuk

Nyongeza: Nikitafuta stempu kwenye droo ya jikoni, nimekuta vidonge vya presha vya Slavka, kopo zima, halijafunguliwa. Nimemuuliza. "Nimeviacha," amesema. "Daktari wa Nyanda kasema." Nikamwambia Daktari wa Nyanda ni mimi. Alicheka mpaka akakaa chini. "Orest, yule mzee anaandika vizuri. Wewe una wivu tu." Nimemletea kalenda yenye tundu. Amesema ni panya waliitafuna.

Nimempima presha, Clifford, na nimeogopa. Hataki kupanda gari twende hospitali, hataki kunisikia. Ile ya bitiruti nimeifuta, lakini ya Texas siifikii. Basi nimemwandikia Maribeth kwenye ukurasa wake, hadharani, kwa jina langu kamili, nikamweleza nilichofanya na nikamwomba aongee na mke wangu. Amejibu hapo hapo: "Sijui kama atanisikiliza, Daktari. Ngoja nijaribu."

Sasa Slavka amekaa dirishani na simu yake, glasi ameiweka pembeni, anasoma taratibu aliyomwandikia Maribeth huku midomo ikicheza. Jumanne msifunge kitu. Bado hajamaliza kusoma.