Mayai ya Nadhiri

Jumanne, 2 Mei
Leo nimepiga magoti kwenye kijihekalu cha nje ya studio, nikafukiza udi, nikaweka nadhiri. Wimbo wangu ukichaguliwa kufungua tamthilia yetu, naleta mayai mia ya kuchemsha. Siombi makuu! Mimi ni mtunzi na mwimbaji. Kuigiza mtu mbaya ni riziki tu. Phuwadol, shujaa wetu, naye kapeleka wimbo. Sauti ya mbuzi aliyekanyagwa!

Alhamisi, 4 Mei
Mtayarishaji, Bi Orasa, kaniita. Wimbo wangu umechaguliwa! Phuwadol kanuna mpaka nywele. Usiku runinga ikanionyesha nikimfukuza mama yangu kwenye mvua. Nimeigiza vizuri mno, ingawa sipendi kujisifu.

Jumamosi, 6 Mei
Sokoni kununua mayai. Shangazi Samlee, muuzaji, kaniuliza mama yangu kalala wapi juzi. Nikasema mama yuko kwao Chonburi, mzima, anakula matunda ya durian. Akaniita mwana laana, tena muongo. Kandambili ikatua shavuni! Wauza samaki wakashangilia. Sikuuziwa hata yai bovu.

Jumatatu, 8 Mei
Sijalala. Usipotimiza nadhiri, unanyang'anywa ulichopewa, nani asiyejua? Nimerudi sokoni na barakoa, miwani ya jua na kofia ya dada. Shangazi kanitambua kwa masikio! Kasema mayai nitayapata nikimwangukia mama. Mama yupi, shangazi? Yule wa kwenye runinga, mshenzi wewe!

Haya. Nikamleta Bi Chalita, anayemwigiza huyo mama. Nikamwangukia miguuni mbele ya mabeseni ya samaki, nikaimba wimbo wangu wote. Soko zima kilio! Shangazi kanipa mayai bure, kanishika kichwa, kaniita mwanangu. Watu wote wakanirekodi kwa simu. Nadhiri nimeitimiza. Nani kama mimi?

Ijumaa, 12 Mei
Bi Orasa kaiona ile video. Kasema nchi nzima imenisamehe, na mtu mbaya aliyesamehewa hana kazi. Wameniua kwenye tamthilia. Nimegongwa na tuktuk! Tena kasema sauti ya marehemu kufungua tamthilia ni mkosi, kwa hiyo wimbo wangu atauimba Phuwadol. Wimbo wangu, kwa koo la mbuzi! Nimelia, nimekula, nimelia tena.

Lakini sijashindwa. Nimempelekea Bi Orasa wazo: marehemu ana pacha! Kaniuliza, pacha mwema, sivyo, watu wakupende? Mwema! Nani humkumbuka mwema? Huyu atamsukuma mama ngazini. Wimbo wake nimeshauanza.