Utafiti Uende Sokoni

Umma unatangaziwa kwamba maabara ya serikali imetekeleza kikamilifu agizo la Waziri lisemalo: "Utafiti utoke kabatini, uende sokoni." Wenye papara walidhani maana yake ni kutafuta wafanyabiashara. Mkurugenzi wetu, mtu wa vitendo, alitafuta pikapu. Jioni hiyo kabati lilikuwa sokoni, kati ya muuza mitumba na muuza nyanya. Mimi, Katibu wa Kamati ya Uwasilishaji Sokoni, nilisimamia lisichubuke.

Ndani yake mlikuwa na unga mweupe uliogunduliwa na mtafiti wetu, binti mpole anayeomba radhi hata akigonga mlango. Ukinyunyizia nyanya unga huo, haziozi kwa wiki tatu. Muuza nyanya alikuwa shangazi yake, aliyemsomesha kwa nyanya hizo hizo. Siku hizo kila jioni alimwaga kreti zima jalalani, na mtaji ulikuwa ukingoni.

"Mwanangu, nigawie huo unga, la sivyo nitafunga meza mimi."

Binti alitazama viatu vyake. "Samahani, Shangazi. Haujaidhinishwa."

"Mama," Mkurugenzi aliingilia, "unga umekuja sokoni kuonekana, si kutumika. Kuwa na subira."

"Subira ninayo, baba. Nyanya ndizo hazina."

Kamati ilikutana kwa dharura. Kikao kiliahirishwa baada ya mjumbe mmoja kutaka ifafanuliwe kama nyanya zinazohusika ni za kupikia au ni bibi zetu.

Ndipo zikaja habari kwamba Waziri atatutembelea kesho. Nyanya za maonyesho hazikuwepo. Kamati ilikuwa imezila kwa ajili ya tathmini.

"Chukua za huyu mama," Mkurugenzi alimwamuru binti. "Zipange, zinyunyizie."

"Zote?"

"Zote! Waziri asione pengo."

Binti alinyunyizia zote. Halafu, asije akaacha pengo, akanyunyizia na za wauzaji wengine wote. Nilimwona akitabasamu, jambo ambalo halikuwa sehemu ya maagizo.

Kwa kufuata itifaki, Waziri wa kesho alifika baada ya wiki mbili. Sisi tulisubiri kando ya kabati, suti zikichemka. Shangazi hakusubiri. Tulipojaribu kumzuia asiuze maonyesho, aliuliza, "Kwani mlizinunua?" Hatukuwa tumezinunua. Akauza kwa bei aliyoitaka, na jalala likakosa kazi.

Waziri alipita akishangaa nyanya zilivyong'aa. "Mama, biashara vipi? Hakuna kilichododa?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Kila kitu kinatoka." Shangazi akatugeukia. "Labda hivi vyenye tai. Tangu viletwe, hakuna aliyeuliza hata bei."

Soko zima liliangua kicheko. Mkurugenzi alicheka pia, akidhani anasemwa muuza mitumba.

"Na mali ikidoda," Waziri aliuliza, "huwa mnaifanyaje?"

"Tunaishusha bei, baba."

"Basi na hawa washushwe."

Agizo hilo nalo limetekelezwa kikamilifu. Binti ndiye Mkurugenzi sasa. Leo alfajiri alituomba radhi kwanza, kisha akatuonyesha lori la nyanya za Shangazi. Mkurugenzi wa zamani ameshushwa cheo, mimi nimeshushwa mshahara, na sote wawili tunashusha makreti.