Tovuti ya Mke Wangu Imebaki Kidogo Tu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amehama. Hajaniacha, na amesema nikitaka kuandika niandike hivyo hivyo: amehamia kwa dada yake, pamoja na cherehani, mpaka nitakapomaliza kitu kimoja. Kitu chochote. Kimoja tu! Amesema humu ndani kuna vitu kumi na vinne nilivyovianza, naye amechoka kuishi ndani ya orodha.

Nimehesabu. Ni kumi na viwili. Bafu lenye vigae nusu silihesabu, kwa sababu nusu ya chini ndiyo inayorukiwa na maji. Mlango wa stoo pia siuhesabu. Kitasa nimeshakinunua.

Lakini nyumba imekuwa kimya. Miaka kumi na tisa nimelalamikia kelele za cherehani, leo nimekaa sebuleni naisubiri ianze. Haikuanza. Nilimkumbuka mke wangu hata chai haijapoa.

Nimekata shauri. Yeye ni fundi wa magauni ya harusi na sare, na wateja humpata kwa kuulizana barabarani. Nitamtengenezea tovuti. Tovuti haina misumari, haina saruji, haihitaji ngazi. Kitu kisichoshikika kitabakije nusu? Nimejipa wiki mbili.

Jumanne, 4 Machi

Darasa liko maktaba, chumba cha nyuma, saa nne asubuhi. Mwalimu ni dada mmoja mpole, anaongea taratibu kama anayemwelekeza mtu njia. Amesema tutatumia programu huria tu. Maana yake zimeandikwa na watu waliojitolea, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzifungua, kutazama ndani na kubadilisha anachotaka. Nimemwomba arudie hapo mwisho. Akarudia. Mwili ulinisisimka! Maisha yangu yote nimekuwa nikikatazwa kufungua vitu.

Furaha haikudumu. Kiti cha mbele, kalamu tatu zimepangwa kwa urefu: mwanyumba wangu! Ni mume wa dada wa mke wangu, fundi umeme, na ndiye mwenye nyumba alikohamia mke wangu. Mtu huyu hajawahi kuacha kitu njiani. Akianza sentensi huimaliza hata kama wote tumeshaondoka. Nikamwuliza kilichomleta. Akasema anataka tovuti ya kazi yake, tena shemeji yake ananisalimu sana. Salamu za mke wangu zimenifikia kwa mdomo wake! Nimezipokea nikiuma meno.

Alhamisi, 6 Machi

Mwanyumba amemaliza tovuti yake. Siku ya tatu! Ukurasa mmoja: kazi anayofanya, picha ya swichi, namba ya simu, saa za kufungua. Darasa likampigia makofi. Nami nikapiga, mara mbili. Nikamwuliza Mwalimu kama ile ni tovuti au ni karatasi ya kubandika mlangoni. Akajibu kwamba inafanya kazi. Basi, kila mtu na kiwango chake.

Yangu ina kurasa ishirini na mbili. Bado tupu, ila vichwa vipo: Historia ya Gauni. Falsafa ya Kola. Maswali Ambayo Hayajaulizwa. Sura, yaani mwonekano wake, nimebadilisha mara tisa, maana programu inatoa maelfu ya sura na zote ni bure. Asubuhi tovuti ilikuwa ya kijani, adhuhuri ya zambarau. Sasa hivi inafanana na ya duka la samaki, lakini herufi zake nimezipenda.

Ijumaa, 7 Machi

Inaonekana! Nimeifungua nyumbani kwenye laptopu yangu na ikaja kufumba na kufumbua. Gauni la kwanza, gauni la pili, sare za rangi zote. Na anwani yake ni ya namba tupu: 127.0.0.1. Mwanyumba anwani yake ni ya maneno, kama ya kila mtu. Yangu ni ya tarakimu, kama ya benki.

Sikungoja kumwuliza Mwalimu. Mke wangu alisahau hapa daftari la vipimo, lenye simu za wateja wake wote. Nimewatumia ujumbe mmoja mmoja. Nimewatumia ndugu wa pande zote mbili. Mwanyumba nimemtumia mara mbili. Nimeandika: karibuni, milango iko wazi. Nasubiri pongezi na simu nimeiweka juu ya goti.

Jumamosi, 8 Machi

Hakuna aliyeona kitu. Watu sitini na mmoja! Bibi harusi mmoja ameuliza kama fundi amefunga kazi. Mama mkwe amepiga kusema ameandika namba zangu kama nilivyomwagiza, simu ikakataa, akavaa miwani akaandika tena, ikakataa tena. Mwanyumba ameandika kwa adabu kwamba huenda tatizo ni mtandao wa kwake. Adabu ile imeniuma kuliko tusi.

Nimemfuata Mwalimu maktaba. Ameeleza polepole, akichora kwenye karatasi. Tovuti bado imo ndani ya laptopu yangu, mahali pa kufanyia mazoezi. Namba ile, kwa kila kompyuta na kila simu, maana yake ni hapa hapa nilipo. Kwa hiyo kila niliyemtumia, simu yake ilijitafuta yenyewe tumboni, ikakuta hakuna gauni. Nikamwambia basi kosa ni la simu zao. Akasema hapana.

Yule bibi harusi amekwenda kwa fundi mwingine. Mke wangu amejua. Hakunipigia mwenyewe, alimtuma dada yake aniambie kwamba hakuomba tovuti, aliomba nimalize kitu, na sasa nimeanza kumfukuzia wateja. Shemeji hakuongeza la kwake, akakata simu. Nimeona aibu, si kidogo. Gauni lile lilikuwa limeshakatwa kitambaa, na mimi ndiye niliyemsababishia hasara.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbili sikugusa kitu. Leo Mwalimu ameniita, tukaihamishia tovuti kwenye seva ya maktaba, kompyuta isiyozimwa ambayo watu wote huifikia mtandaoni. Sasa ina anwani ya maneno na inafunguka popote. Ameniomba nipunguze kurasa. Tulivutana. Falsafa ya Kola nimeiaga kwa uchungu. Zimebaki nne: magauni, sare, mahali tulipo, namba ya simu.

Mama mkwe ameiona! Amepiga kusema gauni la pili limepinda. Halijapinda, ni mimi niliyepinda nikipiga picha, lakini ameiona.

Mwalimu amesema yamebaki mambo matatu tu. Niweke namba ya simu. Nihifadhi nakala ya akiba. Kisha niache. Hilo la tatu alilirudia, tena akaniomba nilirudie mimi. Nikalirudia darasa zima likisikia.

Jumatano, 12 Machi

Namba ya simu bado. Limetokea jambo kubwa zaidi.

Programu hii ina jukwaa mtandaoni ambako waliojitolea hujibu maswali. Nimeuliza kwa nini herufi zangu zinahamahama. Watu hawanijui, hawanidai hata salamu, na wamejibu ndani ya dakika kumi! Wameuliza natumia toleo lipi. Nimejibu toleo zuri. Mmoja akanielekeza nikasome maelekezo. Nikakuta maelekezo hayana Kiswahili. Damu ikachemka. Nimejitolea kutafsiri programu nzima, na wameshukuru kwa maneno matamu sana.

Ni maneno elfu nne na mia tatu. Leo nimetafsiri kumi na moja. La kumi na mbili limenishinda: vile vipande vidogo vinavyopachikwa ili programu ipate uwezo zaidi, niviite viongezeo au vipachiko? Nimeshinda nalo tangu asubuhi. Jioni mwanyumba alipita kuchukua daftari la vipimo. Nikamtajia shida yangu. Akasema viongezeo, akaenda zake. Kwa hiyo ni vipachiko.

Ijumaa, 14 Machi

Vipachiko! Katika kutafuta jina nimevikuta vyenyewe, maelfu, vyote bure. Mtu ana moyo gani wa kuvipita? Nimeweka cha saa. Cha hali ya hewa. Cha maua yanayodondoka. Cha wimbo unaoanza wenyewe. Tovuti ikaanza kuchechemea, nikaweka cha kuongeza kasi. Haikusaidia, nikaweka kingine cha kukipa kasi kile cha kwanza.

Saa nane mchana ukurasa ukawa mweupe. Mweupe pe! Nikazima, nikawasha. Nikafuta kioo kwa kitambaa. Pe.

Nakala ya akiba nilikuwa nimeianza.

Nimempigia Mwalimu mara moja, maana mke wangu ametuma habari kwamba kesho anakuja kuitazama. Kumbe Mwalimu ana nakala yake, ya Jumanne. Amesema mwanafunzi wa aina yangu huwa anamhifadhia mapema. Ameirudisha tovuti na kuweka namba ya simu kwa mkono wake mwenyewe. Nilitaka kumweleza juu ya yale maua, akasema ana darasa.

Jumamosi, 15 Machi

Amekuja! Ameketi kwenye ncha ya kiti kama mgeni. Nikamfungulia. Akapita gauni moja baada ya jingine. Kwenye lile la mikono mirefu akakigusa kioo kwa kidole, pale kwenye mshono wa bega, kama anayetaka kuunyoosha.

Ndipo simu yake ikalia. Mwalimu mkuu wa chekechea fulani, ameona sare kwenye tovuti, anataka za watoto wote. Mke wangu aliongea naye akiwa amenipa mgongo, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani. Alipokata akaniuliza kama imekwisha. Nikasema imekwisha. Akaniuliza tena, akinitazama machoni, kama imekwisha kweli kweli, haijabaki kidogo. Nikasema haijabaki hata kidogo. Nilikuwa nasema kweli! Machozi yalinilengalenga, nikasingizia vumbi.

Kesho saa kumi jioni anarudi, yeye na cherehani. Ameomba jambo moja tu: nisiiguse. Nimeapa huku nimeweka mkono juu ya laptopu. Akanitoa mkono pale taratibu, akauweka juu ya meza.

Jumapili, 16 Machi

Saa mbili asubuhi. Nimefagia, nimeosha vyombo, nimepangusa mahali pa cherehani. Nimefungua tovuti niitazame tu. Kutazama si kugusa.

Saa tatu. Juu kabisa pametokea kialama chekundu. Toleo jipya limetoka, bonyeza usasishe. Nimekifunika kwa karatasi.

Saa nne. Karatasi imeanguka yenyewe.

Saa nne na nusu. Nimesoma kwamba tovuti isiyosasishwa inaweza kuingiliwa na wezi wa mtandaoni. Sasa hili si suala la kugusa. Ni ulinzi! Mume gani atalala mlango wa mke wake uko wazi?

Saa tano. Imesasishwa salama, hakuna kilichoharibika. Wanaonizuia hawana imani tu. Ila sasa programu mpya imeifanya sura ionekane imechoka. Nitajaribu nyingine moja, kisha nirudishe ile ile. Dakika tano.

Saa saba. Mweupe pe.

Saa nane. Mwalimu hapatikani, Jumapili hii. Nimeandika jukwaani kwa herufi kubwa. Wameuliza toleo lipi. Wameuliza pia kama nina nakala ya akiba. Watu hawa hawana swali lingine?

Saa kumi. Mkokoteni mlangoni, cherehani juu yake imefungwa kwa shuka, mwanyumba anasukuma, mke wangu mbele. Amevaa gauni la kutokea. Alikuwa anatabasamu, na sijamwona akitabasamu hivyo tangu mwaka jana. Akasema kabla hawajashusha, anataka kumwonyesha mwanyumba ile picha ya mikono mirefu. Nikasema laptopu imepata joto, tuiache ipumzike. Akatoa simu yake. Akaandika anwani. Akangoja. Akaikung'uta simu, akangoja tena.

Akaniuliza kama imekwisha. Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia jana ilikuwa imekwisha.

Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaushika mkokoteni, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya shuka. Akamwambia mwanyumba wageuze. Mwanyumba akageuza mara moja tu, bila kugusa ukuta. Nilisimama pale mpaka sauti ya magurudumu ikapotea. Imeniuma, nasema wazi. Nilitaka kukimbia nimshike mkono, lakini ningemwambia nini?

Saa kumi na mbili jioni. Nimetafakari kwa utulivu na kosa nimeliona. Ni ile programu. Tangu mwanzo haikuwa saizi yangu. Ipo nyingine, huria pia, wenyewe wanaisifu kwamba ni nyepesi na unaweza kubadilisha kila kitu, hata yale ambayo ile ya kwanza ilinificha. Nimeshaipakua. Nimechagua sura tatu za kuanzia, na jukwaani kwao nimeuliza kama wana Kiswahili. Hawana! Nimemtumia mke wangu ujumbe kwamba cherehani asiifungue kwenye shuka, imebaki kidogo tu.