Kibao cha Njia ya Mtoni

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimefika kazini saa mbili na dakika moja. Mkuu wa Idara alikuwa mlangoni. Alikohoa tu. Kikohozi chake nakijua, kina barua ndani yake. Barua mbili za onyo ninazo tayari. Ya tatu itanitoa karakana ya mabango na kunipeleka stoo kulinda makopo ya rangi. Miaka ishirini na sita nimeshika brashi ya halmashauri hii. Kila "Usitupe Taka" mjini humu ni mkono wangu. Leo makopo!

Kosa ni la goti. Liliteguka siku nilipoanguka kutoka juu nikiandika "Tahadhari: Ngazi". Tangu hapo natembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Ndiyo maana nina skuta ya umeme. Kwa njia ya mtoni, dakika kumi na mbili hadi karakana. Kwa barabara kuu, kuzunguka kilima katikati ya malori, ni dakika thelathini na tano na dua.

Sasa ubaoni pamebandikwa rasimu ya sheria ndogo. Vyombo vidogo vya umeme visajiliwe. Dereva avae kofia ngumu. Barabarani mwendo usizidi kilomita ishirini kwa saa. Sawa, sina ugomvi. Kisha kifungu cha saba: njia ya mtoni, marufuku kabisa. Kikao cha maoni ya wananchi ni Jumatano ijayo. Aliyeleta hoja ni jirani yangu wa mbele, Mwalimu Mstaafu, mama aliyefundisha hesabu miaka thelathini na mpaka leo hatoki nje bila filimbi shingoni.

Mke wangu anasema dawa ya kuchelewa ni kutoka nyumbani mapema. Ana akili nyingi mke wangu, ila mambo ya sheria hayamwingii.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimesoma rasimu mara tatu. Kifungu cha kwanza kinasema "chombo chenye magurudumu mawili". Mawili! Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuangalia kulikoni.

Jioni nimefunga gurudumu la tatu. Nimelitoa kwenye sanduku la safari la shemeji, ambaye hasafiri. Waya, boliti mbili, gundi. Nikaingia njia ya mtoni kifua mbele, raia asiyeguswa na kifungu chochote. Skuta ikakata kushoto. Nikaivuta kulia. Ikakata kushoto. Nikalizunguka bomba la maji mara mbili, nikimsalimia mama mmoja kila nilipompita, kisha tukaingia kwenye ua wa miti, mimi na gurudumu la shemeji.

Mwalimu Mstaafu alikuwa kwenye benchi na daftari lake. Huandika kila skuta inayopita, na saa, na mwendo. Aliniuliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Akauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Ndipo akaandika. Mimi ni namba thelathini na moja.

Shemeji amepiga simu kuulizia sanduku. Eti ghafla ana safari.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kinachotakiwa ni nguvu ya umma. Kwa kuwa umma una shughuli zake, nimeuandikia.

Barua arobaini za maoni, kalamu tatu tofauti, karatasi za kila saizi. Nimekuwa mkunga anayewahi wajawazito wake kwa skuta. Nimekuwa mwoka mikate. Nimekuwa mjane mwenye huzuni nyingi na betri nzuri. Tano nimeandika kwa mkono wa kushoto. Moja nimeandika ya kupinga, tena kwa ukali, nikatuita sisi wenye skuta "wazee wanaojiona vijana", ili isionekane mambo yamepangwa. Sijawahi kufanya kazi safi namna hii.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Karani wa halmashauri amekuja karakana na bahasha. Ni kijana mpole, wa kusema pole hata kwa kiti alichokigonga. Alizipanga barua arobaini mezani, akaomba nimsaidie kuelewa jambo. Mkunga, mwoka mikate, mjane, wote hawa hawajuani. Lakini kila mmoja amepiga mistari ya penseli kwa rula kabla ya kuandika, kama anaandika bango, na kila mmoja amesahau kuifuta. Na kila mmoja ameweka kichwa cha barua katikati kabisa ya karatasi.

Akaniangalia. Nikaiangalia rula yangu.

Hatanishtaki. Barua zote zinakwenda kwenye pipa, ingawa alikiri ile ya kupinga ilimgusa.

Hajafika mbali, Mkuu akaingia na kazi. Kibao cha majaribio cha njia ya mtoni: duara jekundu, picha ya skuta, mstari wa mkato juu yake. Kisimame kesho. Nikichore mimi! Nijipige marufuku kwa brashi yangu mwenyewe.

Nimekaa nikalitazama bati tupu muda mrefu. Wazo likaja.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Amri sikuikataa. Nilichora kwa kulegeza tu. Usukani nikaulaza, ubao wa kukanyagia nikaunenepesha, magurudumu nikayatanua. Ungeweza kusema ni skuta. Ungeweza kusema ni kitu kingine chochote, na mtu habanwi na kitu kisichoeleweka. Ndivyo nilivyojiambia.

Watu wamesema ni kigari cha mtoto mchanga. Wote, bila kuulizana.

Mwalimu Mstaafu hajadili kibao, anakitekeleza. Leo asubuhi alipiga filimbi na kuwasimamisha akina mama wanne wenye vigari. Wanasema aliwaomba radhi, hata alionekana haafikiani na amri yenyewe, lakini amri ni amri. Kufikia saa nne walikuwa kumi na saba, na watoto wanapokezana kulia. Karani akatolewa nyumbani siku yake ya mapumziko. Mimi nikatolewa mezani.

Nimekichora upya papo hapo, jua la utosi, akina mama wamenizunguka. Mmoja alisema, "Baba, chora kinachoonekana. Mtoto ana njaa." Sasa skuta inaonekana mpaka taa ya nyuma. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, na inanikataza mimi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Nilitoka zikiwa zimebaki dakika kumi kufika saa mbili. Jaribio la marufuku limeshaanza, lakini dakika kumi ni dakika kumi. Nikapita kibao changu nimegeuza uso. Kwenye kona ya daraja dogo nikamkuta mume wa Mwalimu. Macho ya mzee yule yamekwisha karibu yote. Hutembea ameshika ukingo wa chuma, na mkewe humfuata hatua mbili nyuma, ili ajione anatembea peke yake.

Nilikamata breki zote. Skuta ikaenda matopeni, mimi nikabaki nimekaa njiani. Nilikuwa nimeupita mkono wa shati lake kwa upana wa kiganja. Mzee alikuwa amesimama palepale, ameuachia ukingo, anautafuta hewani na haupati.

"Pikipiki naisikia," akasema. "Baiskeli nasikia mnyororo. Wewe sikukusikia kabisa, mdogo wangu."

Mwalimu hakupiga filimbi. Hakufungua daftari. Alimshika mumewe shati akawa anafunga kifungo ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. Heri angeniandika.

Nimewasindikiza hadi kwao, kisha nikarudi kuivuta skuta matopeni. Kazini nimefika saa mbili na dakika arobaini, tope mpaka masikioni. Barua ya tatu ilikuwa mezani kwa Mkuu, imechapwa. Aliuliza sababu. Nikasema sina. Hilo lilimshangaza kuliko tope. Akasema ataitia sahihi baada ya kikao.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Akina mama wa vigari walikaa mstari wa mbele. Nilikuwa na hotuba ya kurasa nne kuhusu haki ya raia kwenda atakako.

Mwalimu Mstaafu alisoma daftari lake, skuta ya kwanza hadi ya hamsini na mbili, kwa sauti ya kuita mahudhurio. Nikasubiri afike Jumatatu. Hakuitaja. Alifunga daftari akakaa, na mimi nikajikuta nimesimama, hotuba nimeiacha kwenye kiti.

"Mimi ndiye namba thelathini na moja," nikasema. "Na juzi nusura nimgonge mume wake."

Nikawaambia habari ya goti, kwamba bila njia ile sifiki kazini kwa wakati, na barabarani malori yatanimaliza. Lakini njia si yangu peke yangu. Chombo kisichosikika kifungwe kengele, na kiende mwendo ambao mtu asiyeona anaweza kukipisha. Nikakaa haraka kabla sijaharibu.

Mwalimu aliuliza kilomita ngapi. Nikasema kumi na tano. Akasema nane. Nikasema kumi na nne. Akasema nane. Mwenyekiti alituacha mpaka akachoka, akaandika kumi. Kengele, kilomita kumi, na kwenye kona ya daraja dereva anashuka na kukokota. Vifungu vingine vya usajili na kofia vimebaki. Imepita.

Mlangoni mzee alinitafuta mkono akaushika. Ombi lake moja: ninunue kengele ya maana, zile za kulia kama kifaranga hazitaki. Mkewe alikuwa pembeni na Mkuu wangu. Alichomwambia sikijui. Mkuu ameirudisha barua kwenye droo bila sahihi, akanikumbusha kwamba droo ile haina kufuli.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Kwa mwendo wa kumi ni dakika ishirini na nne. Nimepima mara mbili. Mke wangu anasema basi nitangulie kutoka kwa dakika kumi na mbili, shida imekwisha. Nimemwambia mambo hayawi mepesi hivyo.

Nimepata nakala ya sheria iliyopitishwa. Kifungu cha kumi na moja: kikomo cha mwendo hakiwahusu wasimamizi wa kujitolea wa njia, wawapo zamuni. Hakiwahusu! Nimevuka barabara papo hapo hadi kwa Mwalimu Mstaafu kuomba usimamizi. Alinikaribisha ndani, akanipa chai, fulana inayong'aa na filimbi mpya. Akasema amefurahi kuona mtu mzima anabadilika. Nikainamisha kichwa kama mtu mzima aliyebadilika.

Zamu yangu ni Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Inaisha saa mbili kamili, kwenye benchi lililo mkabala na nyumbani kwangu. Kazi nayo inaanza saa mbili kamili, upande wa pili wa mto. Kwa hiyo kuna pengo dogo la dakika ishirini na nne, na zamu ikiisha sina ruhusa ya kukimbia.

Hilo halinitishi. Mkuu huvua saa yake kila anaponawa mikono, na kuiacha kando ya sinki, na mishale ya saa hurudi nyuma bila kelele.