Mashine ya Shimoni kwa Mashimba

Taka, taka, taka. Alfajiri giza bado nene, na cherehani ya Kokugonza ilikuwa imeshaanza kula kitambaa cha sare za shule. Mumewe, Projest, alilala macho wazi akiisikiliza. Cherehani hiyo ndiyo iliyolipa pango la nyumba yao ya Pasiansi na ada ya binti yao Selina. Projest yeye alichangia maneno, ila maneno mazuri.

Jana yake, mgahawani, alikuwa amewasikia wahasibu wawili wakizungumza: kiwanda kikichimba malighafi yake chenyewe, machimbo yanahesabiwa sehemu ya kiwanda, na ushuru uliolipwa kwa mashine za shimoni unapunguzwa kwenye ushuru wa bidhaa zake. Mtu mwingine angemaliza chai yake akaondoka. Projest alimkumbuka mzee Mashimba wa Buswelu, mwenye kiwanda cha rangi za chokaa na shimo lake la mawe nyuma ya kiwanda.

Saa nne alikuwa pale na pikipiki yake, na viatu vyeupe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, ngosha. Umepotea njia ya kanisani?"

"Nimekuletea habari za pesa yako iliyolala serikalini." Akaieleza nafuu ile kwa sauti ya padri anayebariki maji, kisha akashusha pumzi. "Tatizo ni ile mashine yako ya zamani ya kusaga mawe. Wakaguzi wakiikuta pamoja na mpya utakayonunua watasema unadai mara mbili. Mimi nitakusaidia kuiondoa."

Mashimba akainama kama mfiwa. "Mbona bado nzima?"

"Ndiyo ubaya wake, mzee."

Projest alikuwa na mnunuzi tayari kule Geita.

"Basi tushuke ukaione ikifanya kazi."

Projest akatazama vumbi, akatazama viatu vyake. "Mtaalamu husikiliza kwa mbali."

Akabaki ukingoni. Kule chini, ikiwa imeegemea ukuta wa mabati, mashine ilinguruma na kutetemeka, kokoto zimejaa mbele yake. Moyo wa Projest nao ukanguruma.

"Bure siitoi," Mashimba alisema. "Mke wangu Rebeka atasema nimerogwa. Niachie pikipiki yako, na kitu kimoja cha nyumbani."

"Nina cherehani," Projest akajibu, bila hata kumeza mate.

Kesho yake Kokugonza alirudi na nyuzi kutoka Igogo, akakuta meza tupu. Akakaa chini, vitambaa alivyokwisha kukata vikiwa mapajani.

"Baba Selina, cherehani iko wapi?"

"Imekwenda kuzaa. Zitarudi tano."

"Na sare za watu nizishone kwa meno?"

Kabla hajapata jibu, lori likaingia uani, kuku wakatawanyika. Vijana wakashusha mashine, Projest akiwaelekeza kama bwana harusi anayepokea jokofu. Kutoka mbele ya lori akateremka Rebeka, amebeba cherehani iliyofungwa kwenye kitenge. Akampa Kokugonza kwa mikono miwili.

"Pokea mali yako, mwanangu. Mzee amesema pikipiki inatosha."

"Inatosha nini, mama?" Projest akauliza.

"Ile nafuu ya ushuru mhasibu wetu aliipata mwaka juzi. Ndiyo iliyotusaidia kununua mashine mpya. Ipo nyuma ya yale mabati, imefungwa mkanda unaoitikisa hii ya mbele. Ungeshuka ungeiona." Akapanda lori. "Viatu lakini vimekupendeza."

Lori likaondoka. Kokugonza alikuwa ameshaingia ndani, na cherehani ikaanza, taka, taka, kwa hasira kidogo. Projest akacheka kicheko cha mtu asiyetaka kuelewa, akaipiga mashine yake mgongoni. Ikalia kama debe.

Selina, aliyekuwa ameingia kwenye mdomo wa mashine kwa magoti, akatokea upande wa pili, nywele nyeupe kwa chokaa.

"Baba, ndani hamna kitu."