Siku ya Kuvuka Yapata Konje ya Nchi Nzima

Jumatatu, 28 Februari 2011
Vita kanisani! Melchior, shemasi wetu, anataka Siku ya Kuvuka ihamishiwe Jumapili. Eti tarehe tatu Machi inaanguka Alhamisi: batoto bako masomoni, bakubwa bako sokoni, nani atakuja? Lakini tarehe tatu ndiyo siku tulipoikimbia Uvira, kwetu Kongo, mwaka jana, tukavuka ziwa. Bwana wa Mama Goreth alizama siku hiyo. Mama akasema polepole, "Bwana yangu hakukufa Jumapili." Nikasimama. Nikaahidi kwamba serikali ya Malawi itaitambua siku yetu na kutupa konje, siku ya mapumziko. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Mimi, Narcisse, fundi cherehani, niliyefika kambi ya Dzaleka na wenzangu hawa mwezi wa sita tu!

Jumanne, 1 Machi
Lilongwe, City Centre. Nimevaa suti ya mteja (itarudi kabla hajajua). Ofisi kubwa ya serikali. Karani, mama wa miwani, Chichewa chake mbio mbio. Changu ni cha kununulia nyanya. Nikajikaza: Alhamisi, kanisa letu, tunaomba konje, watu wasiende kazini. Akacheka. "Lachinayi ndi holide, dziko lonse!" Alhamisi ni sikukuu, nchi nzima! Nilikwenda kuomba kambi, nimepewa nchi! Bila muhuri, bila kuambiwa rudi kesho! Nikashukuru, zikomo, zikomo, mpaka mlinzi akanisindikiza nje.

Jumatano, 2 Machi
Nimetangaza. Melchior amecheka hadi kukohoa. Ameapa kwamba masomo ikifungwa kesho, yeye mwenyewe atasonga nsima, ugali wa hapa, ya kanisa zima. Nikamwambia atafute unga. Na kama yule mama wa miwani amesahau kuwaambia wakubwa wake?

Alhamisi, 3 Machi
USHINDI! Masomo imefungwa! Ofisi za kambi zimefungwa! Redio toka asubuhi inapiga nyimbo za huzuni. Malawi yote inaomboleza na sisi! Kanisa limejaa, wengine wamesimama nje. Mama Goreth alitaja jina la bwana wake mbele ya wote, kisha akaimba, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote. Nimelia ndani ya suti ya watu. Melchior amesonga nsima, jasho likimtiririka. Sahani ya kwanza akaniletea mimi: "Karibu, bosi." BOSI!

Ijumaa, 4 Machi
Jirani yangu Nahayo, Mrundi, mkaaji wa hapa wa miaka mingi, amekuja kuniharibia chai. Eti tarehe tatu Machi Wamalawi wanawakumbuka mashujaa wao waliokufa wakidai uhuru. Eti inafungwa kila mwaka, tangu zamani. Mama Goreth alikuwepo, akasikia yote. Nikatamani ardhi inimeze. Yeye akapiga makofi.
"Kila mwaka? Basi njo vizuri! Banalia batu babo benye balikufa, tunalia betu, siku moja."
Siku haihamishwi tena. Melchior mwenyewe amekubali.
Mimi nimemwelewa Nahayo. Ni wivu tu. Jumatatu narudi kwa yule mama wa miwani. Safari hii naomba Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, nchi nzima. Kitu kinaniambia atakubali.